Malalamiko Dhidi ya Watu Kumi na Wanne Wanaoishi Ndani ya Mtandao Wangu

Kumb. Na. NYB/WAIFAI/7

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Mtandao wa Majumbani.

Ndugu Meneja,

YAH: KUVUJA KWA NENO LA SIRI NA YALIYOFUATA, IKIWA NI PAMOJA NA KUONDOKA KWA MKE WANGU

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima na mwenye nafasi ya kusoma mpaka mwisho, maana wasaidizi wako kwenye simu hawana.

Mimi ni karani mstaafu wa masjala. Kwa miaka thelathini na mmoja nimetunza majalada ya siri ya ofisi, na katika miaka yote hiyo haikupotea hata karatasi moja, ukiacha ile iliyoliwa na panya, ambayo nayo niliifungulia jalada. Nasema haya ili ujue unazungumza na mtu wa aina gani. Siku ya kuniaga walinipa saa ya ukutani na muhuri wangu wa SIRI. Saa ilikufa mwaka ule ule. Muhuri bado unafanya kazi.

Naishi ghorofa ya chini, mlango wa kushoto. Fundi wenu alipokuja kufunga ruta sebuleni, juu ya kabati la vyombo, alinitaka nichague jina la mtandao na neno la siri. Jina nilichagua MASJALA KUU. Neno la siri sikutaka kulichagua mbele ya mtu, nikamwomba atoke nje kidogo. Niliweka jina ninalomwita mke wangu tukiwa wawili tu, mlango umefungwa. Niliona hakuna siri iliyotunzwa vizuri kuliko ile: ilikuwa na umri wa miaka thelathini na mitatu na ilijulikana na watu wawili.

Sasa inajulikana na watu kumi na sita. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Ghorofa ya kwanza anakaa Mwalimu, mama wa heshima zake, anayesahihisha hata vibandiko vya kwenye chupa za dawa. Mwisho wa muhula bando lilimwishia katikati ya kutuma matokeo ya wanafunzi. Mke wangu aliniomba tumsaidie. Nilitoa ruhusa ya siku moja, kwa maandishi. Mke wangu akapanda, akaliandika neno mwenyewe kwenye kompyuta ya Mwalimu huku akiwa amelifunika kwa kiganja, akashuka. Siku moja ikaisha, kompyuta ya Mwalimu haikuondoka. Nilipowauliza ninyi, niliambiwa kwamba kifaa kikishaijua njia hujiunga chenyewe. Loo! Mgeni ukimkaribisha mara moja anaingia kila siku bila hodi, na ninyi mnaita hiyo huduma. Hata hivyo, kwa kuwa ni Mwalimu, nilinyamaza.

2. Sikunyamaza sana. Nilitoa Tangazo (tazama Kiambatisho A), nikaligonga muhuri wa SIRI juu na chini, nikampa mlinzi wa jengo akalibandike ngazini ghorofa ya pili, maana goti langu haliniruhusu kupanda huko. Nilieleza kwamba mtandao wa MASJALA KUU ni mali ya mtu binafsi, na kwamba ni marufuku kwa mpangaji yeyote kuutumia. Na ili asije mtu akajifanya hakuelewa, nilibainisha bila utata ni kitu gani hasa kilichopigwa marufuku. Kusema kweli nililisoma mara tatu kwa raha zangu kabla ya kulitoa.

Jioni ile ile nilifungua programu yenu inayoonyesha nani yumo ndani ya mtandao. Watumiaji walikuwa wamepanda kutoka mmoja hadi kumi na wanne. Nilikuta kitu kinaitwa "Bosi wa Kesho". Nilikuta kingine kinaitwa "Usinipigie". Nilikuta "Televisheni ya Cherehani". Nilitoa macho mpaka miwani ikateleza. Hapo nikajua bila shaka yoyote kwamba tuna mvujishaji ndani ya nyumba.

Nilifanya uchunguzi. Wanaolijua neno ni watu wawili. Mmoja ni mimi, na mimi ni karani wa masjala. Nikafikia hitimisho.

3. Hitimisho hilo nilimsomea mke wangu tukiwa mezani, na leo naona ningesubiri amalize kula. Nilimuuliza, kwa upole wa kiofisi, amempa nani lile neno, lini, na kwa idhini ya nani. Aliweka kijiko chini. Akaniuliza kama kweli mimi naweza kumfikiria anapita mlango hadi mlango akiwagawia watu jina lile, kinyozi na mlinzi wote walijue. Nilimjibu kwamba uchunguzi bado unaendelea. Hakupaza sauti. Angepaza sauti ningejua la kufanya.

Asubuhi alifunga begi dogo akaenda kwa binti yetu, mji mwingine kabisa, akasema nikimaliza uchunguzi nimjulishe. Leo ni siku ya kumi na tisa. Nakula nimesimama jikoni. Nimegundua kwamba sijui sukari inakaa wapi, na chai isiyo na sukari nimeizoea kwa hasira tu. Namkumbuka, Ndugu Meneja. Naliandika hili kwa sababu fomu yenu ya malalamiko ina sehemu inayouliza "Athari kwa mteja".

4. Siku ya tano baada ya mke wangu kuondoka walikuja wapelelezi wawili waliovaa kiraia. Kumbe kuna mtu aliuza jokofu kupitia mtandao wangu. Mnunuzi akatuma hela, jokofu halikufika, kwa sababu halikuwahi kuwepo. Ninyi mlipoulizwa ni nani, mkatoa jina langu na mlango wangu wa kushoto bila hata kunipigia simu. Nikakalishwa kituoni, kwenye benchi, kati ya mlevi na mwanamke aliyempiga shemeji yake kwa mwiko. Miaka thelathini na mmoja nimewapokea wapelelezi upande ule mwingine wa meza, jamani, nikiwachagulia majalada.

Baadaye ilibainika kwamba muuzaji ni rafiki wa mteja wa kinyozi wa ghorofa ya pili. Alikuja kunyolewa, akaomba paswedi, akapewa, akaliuza jokofu huku ndevu zikitengenezwa. Kinyozi aliapa hamjui, ila kichwa chake anakikumbuka. Mimi niliachiwa, lakini majirani waliniona nikipandishwa gari, na tangu siku ile mwenye duka la kona huwa ananihesabia chenji mara mbili.

Nikachukua hatua. Niliweka mlangoni kwangu Rejista ya Wageni wa Mtandao, yenye safu za jina, muda wa kuingia, muda wa kutoka na sababu. Kalamu niliifunga kwa uzi. Kwa wiki nzima alisaini mtu mmoja tu, mlinzi. Kwenye safu ya sababu aliandika "mpira". Kwenye muda wa kutoka hakuandika kitu.

5. Hili la tano ni la aibu na ningeliacha, ila namba haziwezi kuruka. Katika upweke wangu niliuliza mambo kadhaa mtandaoni. Niliuliza sufuria iliyoungua inasuguliwa na nini. Niliuliza kola inapigwa pasi kuanzia wapi. Niliuliza, kwa lugha rasmi, mke aliyeondoka kwa hasira huchukua wastani wa siku ngapi kurudi. Haikupita siku mbili, jengo zima likaanza kupokea matangazo ya sufuria zisizoungua na washauri wa ndoa. Fundi cherehani wa ghorofa ya tatu alinisimamisha hapa chini akanipa pole, akaniambia na sufuria nayo niiloweke kwa maji ya moto.

Na mimi yananifikia ya kwao! Simu yangu, simu ya mtu wa miaka sitini na mitatu mwenye mvi, inatangaziwa mafuta ya kukuza ndevu, pete za uchumba za bei nafuu, na nepi za mtoto mchanga. Kwa hiyo najua kwamba katika jengo hili kuna mtu anataka kuoa, na kuna mtu mwingine ana mimba ambayo hajaitangaza. Sijamwambia yeyote. Nimewagongea wote wawili muhuri kichwani mwangu. Lakini ni haki gani hii, nistaafu kutunza siri za serikali nianze kutunza za wapangaji, bila hata posho?

6. Siku ya tisa mke wangu alipokea simu ya picha. Nilivaa koti. Alikuwa amekaa jikoni kwa binti yetu, taa nyuma yake, amepungua kidogo au labda ni mimi tu. Tulisalimiana. Nikamwambia nakula vizuri. Akaniangalia, akaniuliza kama nina neno lolote la kumwambia.

Nilikuwa nalo, Ndugu Meneja. Nakuapia nilikuwa nalo mdomoni. Wakati huo huo watu kumi na watatu humu ndani walikuwa wanatazama fainali, na Mwalimu anatuma sijui nini. Picha ikaganda. Mimi nilikuwa namwona yeye, yeye alikuwa ananiona mimi nimeduwaa mdomo wazi, kimya, macho yamemkodolea, kwa dakika mbili nzima. Nilisema mambo mengi katika dakika zile. Hakuna hata moja lililofika. Nikamwona anatikisa kichwa, akakata. Binti yetu aliniandikia baadaye kwamba mama amesema afadhali ningetukana kuliko kumnyamazia vile. Tangu siku hiyo hapokei.

7. Kwa kuwa hapokei, niliamua kumwandikia hotuba, kuisoma mbele ya simu, kujirekodi na kumtumia. Ni hotuba ya kurasa nne yenye utangulizi, chimbuko la tatizo na mapendekezo. Nilipomaliza kurekodi nilitaka kujiangalia kwanza kwenye televisheni yangu, nione kama koti limekaa sawa. Nikabonyeza mahali. Televisheni yangu ikabaki nyeusi. Nikabonyeza tena, na tena, kwa dakika kumi na moja.

Hotuba ilikuwa imekwenda kwenye "Televisheni ya Cherehani". Fundi cherehani alikuwa na wanawake sita wanaopimwa magauni ya harusi. Naambiwa walitulia, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, wakanisikiliza kuanzia utangulizi. Nilipobonyeza mara ya pili ikaanza upya, wakasikiliza tena. Siku iliyofuata mtu asiyenijua, mbeba maji, alinisalimia kwa kunukuu ukurasa wa pili: "kasoro za kiutendaji za pande zote mbili". Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Fundi cherehani mwenyewe alishuka ngazi zote zile kuja kuniambia hotuba ni nzuri sana, Kiswahili kimenyooka, ila yeye na wenzake wameitafuta radhi ndani yake, mara mbili, hawakuiona. Nilimjibu kwamba radhi imo kwa maana, si kwa maneno. Alinitazama kama mtu anayeangalia suruali isiyotengenezeka. Hotuba sikuituma.

Binti wenu wa simu amenishauri mara nne nibadilishe neno la siri, kisha wageni niwafungulie mtandao wao wa pembeni wenye neno jingine. Anasema ni kazi ya dakika tatu. Nimemsikiliza kwa adabu. Lakini nibadilishe niweke nini? Lile si neno tu, ni mtu. Nikilifuta huko, na mwenyewe hayupo hapa, litabaki wapi? Ndiyo maana siombi ushauri. Naomba hatua, nazo ni hizi:

(a) Mtume fundi aje ayafupishe mawimbi yaishie kwenye ukuta wangu. Ukuta nimeshaupima, vipimo viko Kiambatisho B.

(b) Mtume afisa mwenye uzoefu awahoji watu wote kumi na wanne, mmoja mmoja, katika chumba tofauti, hadi ajulikane wa kwanza aliambiwa na nani. Chumba nitatoa mimi. Kipo kitupu.

(c) Mvujishaji akishajulikana, alazimishwe kumwomba radhi mke wangu kwa mdomo wake mwenyewe, wapangaji wote wakisikia, bila kujali umri wake, wala cheo alichowahi kuwa nacho, wala utumishi wake wa miaka mingi. Mtu wa namna hiyo asionewe huruma.

(d) Kampuni imwandikie mke wangu barua rasmi, yenye nembo na muhuri, ikithibitisha kwamba siku ya tisa, kwa dakika mbili, mume wake hakunyamaza. Ilikuwa ni picha. Naomba sana hili, hata mkiyakataa mengine.

(e) Iwapo (a) hadi (d) haziwezekani, muuzime mtandao wa mtaa mzima hadi mke wangu arudi, ili tukose wote kwa usawa.

Nimalizie kwa kuwasalimia wote hapo ofisini: binti wa simu kwa subira yake, wahasibu, walinzi wa getini, na yule fundi aliyesahau bisibisi juu ya kabati langu. Ipo, nimeiandikishia stakabadhi. Msalimie na mkeo nyumbani, Ndugu Meneja, kama yupo.

Ni mimi, mlalamikaji nisiye na doa,

Karani Mstaafu wa Masjala,
Ghorofa ya Chini, Mlango wa Kushoto.

Nakala: Jalada. Mke wangu (uchunguzi ukikamilika).

NYONGEZA BAADA YA SAINI

Ndugu Meneja, barua hii ilikwisha kuingia kwenye rejista yangu ya barua zinazotoka, namba saba, na namba haifutwi. Kwa hiyo naituma kama ilivyo. Tafadhali isome kuanzia hapa.

Nilipobonyeza pale pa kuchapa nilikaa nikasubiri, kwa kuwa katika utumishi wangu karatasi zilichapwa chumba kingine zikaletwa. Ikaletwa. Aliyeileta ni Mwalimu. Printa pekee iliyomo ndani ya mtandao wangu ni ya kwake, na barua yote ilikuwa imetokea mezani kwake, kati ya madaftari. Alikuwa ameisoma na kuisahihisha kwa kalamu nyekundu. Kwenye lalamiko la pili alikuwa amezungushia duara maneno "Kiambatisho A", akaandika pembeni: "Kiko wapi?"

Nilifungua jalada ili nimwonyeshe jinsi tangazo lilivyoandikwa. Akalichukua, akapiga mstari mwekundu chini ya sentensi ya tatu, akanirudishia. Sentensi ya tatu inasema: "Kuanzia leo ni marufuku kabisa kutumia neno la siri lifuatalo." Na kweli linafuata. Kwa herufi kubwa. Katikati ya ukurasa, peke yake, muhuri wa SIRI juu yake na saini yangu chini yake. Limekaa ngazini siku ishirini. Mwalimu anasema wapangaji walidhani ni ukarimu, ila mzee ana namna yake ya kuandika.

Nilikaa chini. Jina lile, Ndugu Meneja. Nimeliandika kwa mkono wangu likabandikwa ukutani, nikamfukuza mwenye jina kwa kosa la kulitoa.

Kwa hiyo maombi (a), (b) na (e) nayafuta. Na hata (d) siidai tena, maana alichotaka kusikia dakika zile nisingekisema hata kama picha isingeganda. Ombi (c) linatekelezwa leo leo, na halimsubiri afisa. Mwalimu amempigia simu mke wangu, sijui walizungumza nini, walizungumza muda mrefu na niliwasikia wakicheka. Mke wangu amekubali kupokea simu ya picha moja, saa kumi na moja jioni.

Mwalimu alipanda ngazi zote akiwaeleza watu. Mlinzi ameshalibandua tangazo, na wote wameahidi kwamba jina lile hawatalitamka mbele ya mwenyewe. Sasa hivi ni saa kumi na nusu. Mmoja baada ya mwingine wanashuka, wanasimama mlangoni kwangu, wanasaini rejista kwenye safu ya muda wa kutoka. Kinyozi amesaini. Fundi cherehani amesaini na kuniwekea koti sawa mabegani. Mlinzi amesaini, na leo kuna mechi. Sahihi zimefika kumi na nne, na kwenye safu ya sababu wote wameandika kitu kimoja: "ili mzee asigande". Usiku nitalibadilisha neno, na wageni nitawafungulia mtandao wao, kama alivyosema binti wenu. Ila jioni hii naomba sana, msitukatie.

Hotuba ya kurasa nne Mwalimu ameipitia kwa kalamu nyekundu. Amefuta utangulizi, chimbuko la tatizo na mapendekezo. Mwisho wa ukurasa wa nne ameandika neno moja kwa mkono wake: "Nimekosea." Ndilo nitakaloanza nalo. Nimelifanyia mazoezi tangu mchana, mlango wazi, jengo zima linasikia.